Miezi minane na blanketi la turbo

Sikununua blanketi la turbo (kifuniko cha kuzuia joto la turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake) ili gari likimbie. Nililinunua kwa sababu ya hosi. Siku hiyo nilikuwa nabadilisha plagi tu, nikaishika hosi moja nyembamba ya vakyumu niisogeze kando, ikanivunjikia mkononi kama kijiti kikavu. Ya pili yake nayo ilikuwa imejaa nyufa. Zote mbili zinapita shibiri moja tu juu ya turbo.

Gari langu ni la petroli, lita 2, na turbo imewekwa nyuma ya injini, imebanwa na ukuta wa kabini, mahali ambapo upepo haufiki vizuri. Ukikanyaga mafuta kwa muda, moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli unaweza kupita nyuzijoto 900, na chuma chake kikawa chekundu kabisa. Plastiki na mpira vilivyo jirani vinaokwa kila siku.

Blanketi lenyewe ni kama kofia iliyoshonwa kufuata umbo la turbo. Ndani kuna sufi ya silika, nje kitambaa cha nyuzi za basalti, na pembezoni vishikizo vya chuma vya kupitishia waya wa kukazia. Linavishwa upande wa moshi peke yake. Upande unaovuta hewa unabaki wazi, na pale katikati penye beringi na paipu za oili napo pasifunikwe. Mimi mara ya kwanza nilikaza waya ukalala juu ya paipu ya oili, ikabidi nifungue nianze upya. Vaeni glavu na mikono mirefu, jamani. Nilijikuna siku mbili.

Nilipowasha gari mara ya kwanza, ilitoka harufu kali na moshi mwembamba chini ya boneti. Maelekezo yalisema hivyo, ni viambato vya kitambaa vinavyoungua, lakini nilisimama pale na kizimamoto mkononi mpaka ulipokoma.

Sasa matokeo. Nina kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari, kinachosoma joto la hewa inayoingia kwenye injini. Zamani nikikaa kwenye foleni namba ilipanda hadi nyuzi sitini na kitu, na kompyuta ya injini ikiona hivyo inachelewesha cheche, gari linakuwa zito ukianza kuondoka. Sasa foleni ileile inaishia hamsini hivi. Lakini nikishaanza kutembea kwa kasi, namba ni zilezile za zamani. Kwa hiyo anayekuahidi nguvu za ziada, mwulize anazipimia wapi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba blanketi halipozi kitu. Linazuia joto lisitoke, basi joto hilo linabaki ndani ya turbo na kuelekea kwenye ekzosti. Nikitoka kwenye mlima au mwendo mkali siku hizi sizimi gari papo hapo. Naendesha taratibu kipande cha mwisho, kisha naliacha linaunguruma dakika moja au mbili, oili iendelee kuzunguka kwenye beringi isije ikaungulia mle ikawa masizi magumu.

Na nikiri: kilichonisaidia kuliko blanketi ni lile kava la chini ya injini. Fundi mmoja alilitoa wakati wa kumwaga oili, klipu zikavunjika, akaniambia gari litapumua vizuri bila hilo. Nikamwamini mwaka mzima! Kumbe hewa iliyokuwa ikiingia kutoka chini ilikuwa inajaza chumba cha injini, na ile ya mbele inakosa sababu ya kupita kwenye rejeta. Nimelirudisha kwa klipu mpya, na feni haiwaki mara kwa mara kama zamani.

Kuna rafiki aliyenishauri niweke washa (vile vipete bapa vya chuma vya kwenye bolti) kwenye bawaba ili boneti iinuke kidogo upande wa kioo, joto litoke. Nilijaribu. Gari likitembea, hewa inasongamana pale chini ya kioo, kwa hiyo badala ya kutoka inaingia, na mimi nikawa navuta harufu ya injini kabini. Wiki haikuisha nikazitoa.

Paipu inayoshuka kutoka kwenye turbo nimeizungushia bendeji ya joto kwa sababu ni chuma kisichoshika kutu. Manifoldi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye turbo, sikuigusa. Ni ya chuma cha kusubu, na kikifungiwa joto lote namna hiyo kinaweza kupasuka. Kwa paipu ya chuma cha kawaida pia nisingefanya, maana bendeji inashika maji na kutu inakula kimyakimya.

Mwezi wa sita tangu nilivishe niliona doa jeusi kwenye kona ya blanketi. Gasketi ya kava la vali ilikuwa inavuja tone moja moja. Nilivua blanketi hapohapo, kwa sababu kitambaa kilicholowa oili juu ya chuma chekundu ni utambi. Nilibadilisha gasketi, nikaagiza blanketi jingine, na hilo la pili ndilo lililopo sasa. Kitambaa kimebadilika rangi kuwa kahawia, mshono haujafumuka.

Jana nilifungua boneti nikaibinya ile hosi mpya ya vakyumu. Bado ni laini, ukiiachia inarudi.