Kupiga kura za shea kwa simu: nyota tatu kwa tano

Watu wengi wako na shea (hisa) za kampuni na hawajawahi piga kura kwa mkutano wake hata siku moja, mamangu alikuwa mmoja wao. Ni mwalimu mstaafu huku Likoni, alinunua za Safaricom 2008 wakati ule watu walipanga foleni kwa shilingi 5 kila shea, baadaye akaongeza za kampuni ingine ambayo sitaitaja na ndio hiyo nairivyuu hapa. Mkutano mkuu wa wenye shea ulikuwa Nairobi kila mwaka, ukipiga hesabu ya basi kwenda na kurudi dividendi yote (ile faida unagawiwa) imeisha, kwa hivo hakuwahi kwenda.

Corona ikaja 2020, mahakama kuu ikaruhusu kampuni kufanya mkutano kwa mtandao, na hapo ndio mambo yalibadilika. Sasa unabonyeza namba ya USSD, zile za nyota na reli, unaweka namba ya kitambulisho, umesajiliwa. Siku ya mkutano unatumiwa linki ya kutazama na unapiga kura kwa hiyo hiyo USSD, kupiga kura hata kabambe inatosha, huhitaji bando. Kwa hilo nawapa heko kabisa, mama wa miaka sabini na kitu kukaa kwa mkeka wake na kupiga kura ni kitu kikubwa sana.

Lakini mwaka wa kwanza hatukuweza. Tuliweka kitambulisho mara tatu inakataa, kumbe kwa rejista yao ya wenye shea wamekosea tarakimu moja, nikapiga simu kwa wale wanaoshika rejista, dada aliyeshika alikuwa na adabu sana akasema "tuma kopi ya ID ya mama tutarekebisha", tukatuma, wakarekebisha siku mbili baadaye na usajili umeshafungwa. Kwa hivo jaribuni kusajili siku ile ile notisi ya mkutano inatoka, msingoje.

Mwaka uliofuata tuliingia vizuri. Shida ni ile skrini, USSD haibebi maneno mengi, unaona tu jina la mkurugenzi na moja kukubali, mbili kupinga, tatu kutopiga, yote Kingereza. Mama akaniuliza huyu ni nani na amefanya nini, nikakimbilia ripoti ya mwaka kwa simu ingine kutafuta, kurudi laini imekatika tukaanza upya. Tulifikia hoja ya malipo ya wakurugenzi akasema hapo pinga, nimepinga, halafu hakuna meseji yoyote ya kuthibitisha. Aliniuliza mara mbili kama imeingia na sikuwa na jibu la kumpa, hiyo iliniuma.

Ndio maana mwaka jana tulirudi kwa fomu ya proksi, yani mtu unamchagua akupigie kura. Iko kwa tovuti ya kampuni pamoja na notisi, niliprinti kwa saiba, tukakaa nayo jioni mbili na ripoti pembeni, mama anasoma na miwani yake hoja moja moja anaweka alama kwa boksi, akasaini, nikaskani nikatuma kwa imeili. Lazima ifike masaa 48 kabla ya mkutano, ikichelewa haihesabiwi. Na hapa ndio nataka mniskize vizuri: ukiacha nafasi ya jina wazi proksi wako anakuwa mwenyekiti wa mkutano, na ukiacha boksi bila alama anapiga vile yeye anaona inafaa. Kwa hivo ile tabia ya kusaini tu na kurudisha, umempa mwenyekiti kura zako aongezee upande wake. Jaza kila boksi. Mwenyekiti akiwa proksi wako na umeweka alama ya kupinga, anafaa kupinga kwa niaba yako.

Msiseme shea 500 ni kidogo. Kura ikiwa ya kuinua mkono ni mtu mmoja kura moja, lakini ikiwa ni ya kuhesabu shea, kila shea ni kura, na watu kama mamangu ni maelfu.

Kile kimenifanya nisitoe nyota tano ni hizo meseji. Ukituma pesa ya kitunguu unapata meseji sekunde hiyo hiyo, lakini ukipiga kura ya kampuni unayomiliki hupati kitu. Wawekee watu menyu ya Kiswahili, na meseji moja tu ya "kura yako imepokelewa, shea kadhaa, hoja namba fulani", mama alale vizuri.