Inameta kuliko zote, ila chupa haina gololi

Nianze na kilichoniudhi, maana hasira bado mbichi. Chupa yenyewe ni rangi ya kucha ya kumeta, kazi ya mtengenezaji mdogo, wale wanaochanganya rangi zao wenyewe chupa chache chache. Ilifika juzijuzi. Naiinua kwenye mwanga: juu kimiminika cha zambarau hafifu, karibu maji matupu, chini unga wote wa kumeta umeganda kitakoni kama mashapo ya kahawa. Nikaitikisa kidogo nisikie gololi, ile ya ndani inayokoroga rangi. Kimya.

Rangi ya kumeta bila gololi ni kinu bila mchi. Unga ule ni vipande vyembamba vya maika (madini yanayometa) vilivyovikwa titani dioksidi au oksidi ya chuma, na ni vizito kuliko kimiminika kinachovibeba, kwa hiyo kuzama ni lazima. Kinachovichelewesha ni udongo maalumu unaotiwa ndani ya rangi: ikitulia inakuwa nzito na kuushika unga, ikikorogwa inalegea na kupakika. Udongo ukipungua, au rangi ikizimuliwa kupita kiasi, unga hauna pa kujishika. Kutuama kidogo silaumu, hata rangi nzuri hutuama. Kuganda hadi kijiti hakipenyi ni kosa la aliyechanganya.

Nikamwandikia muuzaji, ndiye huyo huyo mtengenezaji, na picha nikamtumia. Jibu lilikuwa hili, neno kwa neno: "Hujui kutikisa. Tia asetoni." Hata salamu hakuna.

Sasa tuichambue hiyo elimu. Ukitikisa chupa ya rangi ya kucha kama dawa ya kikohozi unaweza kuingiza hewa, na hewa ile ukaiona juu ya kucha kama vipele vidogo vidogo. Chupa huviringishwa kati ya viganja, ikiwa imepinduliwa kichwa chini, dakika mbili hivi. Na asetoni ni ya kutolea rangi! Inayeyusha kila kitu haraka mno, kisha inapaa yenyewe na kukuachia rangi inayovutika kama gundi, tena ule udongo unaoshika unga unaharibika. Cha kutia ni thina ya rangi ya kucha, yenye ethili asetati na butili asetati, ambavyo ndivyo viyeyushi vilivyomo kwenye rangi tangu mwanzo. Mtu anayepika rangi halafu halijui hilo, sijui anapika nini.

Nilichofanya: nimetumbukiza gololi 2 za chuma kisichoshika kutu, za milimita 4 (za chuma cha kawaida zitapata kutu na kuchafua rangi), nikatia matone 3 ya thina, si zaidi, nikafunga na kuilaza kichwa chini usiku kucha. Asubuhi nikaviringisha. Mara ya kwanza gololi hazikusogea. Mara ya tatu zikaanza kulia, na tope likapanda lote. Kabla ya kufunga futa shingo ya chupa kwa pamba yenye thina, la sivyo kifuniko kitagandia na hewa itaingia.

Halafu nikapaka, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma.

Ni nzuri. Ni nzuri kiasi cha kuudhi. Zambarau inageuka shaba, shaba inageuka kijani cha mgongo wa mbawakawa, kwa kuinamisha kidole tu. Rangi hiyo haimo ndani ya unga kama wino. Ni mwanga unaorudi kutoka kwenye tabaka nyembamba za kila kipande, ndiyo maana inategemea unaangalia kutoka upande gani. Juu ya kucha tupu utaona ukungu wa zambarau na utadhani umeibiwa. Weka nyeusi chini: beisi kwanza (ile rangi angavu ya chini kabisa), mkono mmoja mwembamba wa nyeusi, subiri ikauke kweli, kisha mikono miwili ya hii (mkono kwa maana ya fundi rangi, yaani tabaka moja, si viganja). Nyeusi inameza mwanga unaopita, unabaki ule unaorudi tu. Kati ya mkono na mkono ngoja dakika tatu au zaidi. Ukipaka nene, juu panakauka huku chini kuna kiyeyushi kinachotafuta njia ya kutoka; vipele tena.

Brashi ipite kutoka shina la kucha hadi ncha, kwa mistari mitatu iliyonyooka, basi. Vipande hivi hulala kufuata brashi, kwa hiyo ukirudiarudia juu ya rangi iliyoanza kukauka unavivuruga na mistari inabaki inaonekana.

Nilikuwa tayari kumsamehe. Nikafika kwenye topu koti, ile rangi angavu ya kumalizia juu. Uso wa rangi hii ukikauka unakwaruza, unameza topu koti ya kwanza yote, inabidi ya pili. Nayo ile ya kukauka haraka ikanywea na kuivuta rangi nyuma, ncha za kucha zikabaki na ukingo mweusi. Dawa yake ni kupitisha brashi kwenye ukingo wenyewe wa kucha, katika kila mkono, si topu koti peke yake. Labda hilo si kosa la rangi. Ila baada ya "hujui kutikisa", siko tayari kugawa "labda" bure.

Kutoa, usisugue. Unga utasambaa hadi viwiko. Pamba yenye asetoni (hapa ndipo mahali pake, bwana muuzaji), funga kwa foili, dakika 10, vuta mara moja kuelekea ncha.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nimeangalia kidole gumba nikaweka nne, nikasoma jibu lake tena nikarudisha mbili. Chupa imekaa rafuni siku kadhaa sasa, na kitakoni utepe mwembamba wa unga umeshaanza kujipanga upya. Naiviringisha. Angalau sasa gololi zinalia.