Karakana ya vichekesho ya Katuba: wenzako ndio wahariri

Karakana hii ya uandishi, iliyopo komini ya Katuba mjini Lubumbashi, haina mwalimu: kila mshiriki huleta kurasa chache za mchezo wake, wenzake huzisoma kwa sauti wakigawana wahusika, na mwandishi haruhusiwi kueleza chochote mpaka usomaji umalizike. Katazo hilo nalithamini kuliko yote, kwani kichekesho kinachohitaji ufafanuzi bado hakijaandikwa.

Igizo moja lilihusu mteja aliyebishana na muuza makala (makaa) ya kupikia juu ya mfuko uliojazwa majani chini. Kicheko kilizuka pale muuzaji alipojibu, “Majani ni ya kuwashia, hayo nimekupa bure”. Mistari minne iliyofuata ikapita kimya, na wasomaji wakashauri yote ifutwe.

Kasoro ni upole: “nimependa” husemwa mno, bila kutaja mstari. Isitoshe, katika mji wa kundi la Mufwankolo, lililovuma redioni na kwenye televisheni kwa michezo ya Kiswahili, ningetarajia michezo ya aina hiyo nayo ichambuliwe. Kwa mwenye rasimu tayari, naipendekeza. Asiyeandika kitu atachoka mapema.