Masta ya HR kwa vipindi vya jioni: nilicholipia na nilichopata

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, ofisini na mtaani swali ni lilelile: masta ya HR inalipa? Nasema ndiyo, ila kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo marefu. Nimesoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Rasilimali Watu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, vipindi vya jioni, huku nikiwa afisa rasilimali watu kiwandani. Chuo sikitaji, kwa sababu humu nina malalamiko, na baadhi ya walimu wake sitaki waingizwe kwenye kapu moja na wengine.

Nianze na somo lililorudisha ada yangu: sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nilikuwa naijua kama wengi wetu tunavyoijua, yaani unafungua kifungu siku umepata kesi. Darasani tuliisoma sambamba na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwajiri anashindwa kule Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hata pale ambapo mfanyakazi aliiba kweli. Mwajiri anatakiwa athibitishe mawili: sababu halali, na utaratibu wa haki. Wengi wanakwenda na sababu tu.

Mwalimu wa somo hilo alituchezesha kikao cha nidhamu. Dereva anatuhumiwa kunyonya dizeli kwenye lori. Mwenzetu mmoja wa benki, mwenye sauti ya kuongoza vikao, akakalia kiti cha mwenyekiti na kumwaga ushahidi wote mezani: risiti za kituo cha mafuta, daftari la safari, maelezo ya mlinzi wa getini. Dereva kabanwa, hana pa kutokea. Mwalimu akauliza, "Uchunguzi alifanya nani?" Mwenyekiti akajibu kwa kujiamini, "Mimi mwenyewe." "Na barua ya kuitwa kikaoni alipewa lini?" "Jana jioni." Kazi ikawa imeishia hapo. Kanuni zinataka anayeongoza kikao awe hakuhusika na shauri lenyewe, na mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Dereva wetu, kijana wa halmashauri, alisimama akampigia mwenyekiti saluti, darasa zima likacheka.

Wiki ileile nilifumua barua zetu za wito kule kiwandani. Bosi aliuliza kwa nini sasa tunakawia kufukuza watu.

Kitu kingine ambacho huwezi kukipata kwa kusoma peke yako ni watu unaokaa nao. Tulikuwa na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi aliyeijua CMA kuliko baadhi ya walimu. Ndiye aliyekuwa akitukumbusha kwamba mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake, na wengi huzimaliza wakimsubiri meneja "aone cha kufanya". Wenzetu wa serikalini nao walikuwa wakishangaa, maana tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia za ndani ya utumishi wa umma kabla ya kukimbilia CMA kama sisi wa sekta binafsi. Darasa la watu wa sekta moja lisingekuwa na mabishano hayo.

Upimaji wa uzito wa kazi nao ulikuwa mtamu. Mnapewa kazi za kiwanda kimoja na vigezo (ujuzi, uwajibikaji, mazingira, nguvu), mnagawa alama, kisha kila kundi linatetea ngazi zake za mshahara. Kundi letu lilimweka mwendesha foklifti juu ya mhasibu msaidizi. Mhasibu tuliyekuwa naye darasani hakuongea nasi hadi wiki iliyofuata.

Sasa machungu. Nadharia za motisha nimefundishwa diploma, nikafundishwa digrii, na masta nikaletewa tena ngazi za mahitaji ya binadamu za Maslow za mwaka 1943, slaidi zilezile, mifano ya viwanda vya Marekani. Kwa ada ile nilitegemea mtu aniambie nini kinamfanya kibarua wa siku pale Barabara ya Nyerere aje kesho. Takwimu zilisukumiwa Jumamosi mbili za SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua data, mwalimu anabonyeza, sisi tunapiga picha skrini kwa simu.

Na tasnifu ndiko watu wanakofia. Vipindi tunamaliza wengi, kuvaa joho tunavaa wachache. Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi; sura unampelekea, inarudi baada ya miezi ikiwa imesahihishwa nukta na mkato, hoja haijaguswa. Muda ukipita unalipia kuongezewa muda, hata kama aliyechelewesha ni msimamizi. Hilo halikuwa wazi kwenye fomu ya kujiunga, na bado linaniuma.

Chuo pia kinakuzoesha uvivu wa utafiti. Kila mtu anaandika athari za motisha kwenye utendaji wa watumishi wa taasisi fulani. Kila mtu anachukua kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, anaingiza watumishi 200 na kosa la asilimia 5, anapata sampuli ya 133, halafu anagawa madodoso yenye "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa" kwa watu ambao bosi wao yupo chumba cha pili. Unategemea watakujibu nini? Ndiyo maana vijana wa steshenari jirani na chuo wanaandikia watu tasnifu na hawakosi wateja. Nilipotaka kufanya ya kwangu juu ya vibarua wanaozungushwa mikataba ya muda mfupi, niliambiwa data itakuwa ngumu. Ilikuwa ngumu kweli, lakini ndiyo sehemu pekee ya tasnifu ninayoweza kuisoma leo bila aibu.

Kwa hiyo nani asome? Kama una miaka kadhaa kwenye kazi, umeshaandika barua za onyo, umeshakaa na mfanyakazi anayelia mbele yako, nenda. Utakuwa unapata majibu ya maswali uliyo nayo tayari. Uliyemaliza digrii juzi na unaunganisha kwa sababu ajira hazipo, subiri kwanza. Kwenye usaili tunaona masta na tunauliza umewahi kuendesha mishahara ya watu wangapi. Wa serikalini muulizeni mwajiri mapema, kwa maandishi, kama cheti kitahesabika kwenye muundo wenu wa utumishi, maana kupanda daraja si lazima kufuate cheti. Na wanaowazia kuhamia Nairobi, kule kuna sheria ya mwaka 2012 inayotaka wataalamu wa rasilimali watu wasajiliwe. Shahada peke yake haikufikishi.

Kwa wanaovutiwa na vyuo vya nje vya mtandaoni, hakikisheni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inatambua tuzo yake kabla ya kutuma hata shilingi.

Na chuo chochote utakachokwenda, pita ofisi ya uzamili uulize mambo ambayo hayapo kwenye kipeperushi: msimamizi anapangwa muhula wa ngapi, ana wanafunzi wangapi, anatakiwa arudishe sura ndani ya muda gani, na akichelewa yeye, ada ya kuongeza muda analipa nani. Wakikupa majibu ya mdomo tu, chukua fomu ya chuo kingine.