Jedwali la Excel la kukadiria mnato wa gesi: nyota tatu

Kama umetumiwa lile jedwali la Excel la kukadiria mnato wa gesi asilia (yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka) linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wahandisi hapa Nairobi, soma kwanza kabla hujalipa M-Pesa. Fomula iliyomo ni nzuri. Shida ni aliyeiandika ndani ya seli.

Ofisini kwetu Upper Hill tunapiga hesabu za mabomba. Gesi ya mtungi tunayopikia ni propani na butani, kwa hiyo gesi asilia wengi wetu tulikutana nayo darasani tu. Lakini tangu Kenya na Tanzania zitie saini makubaliano ya bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa mwezi Mei 2021, maswali yameanza kuja. Mimi nililijaribu kwa gesi inayofanana na ile ya Songo Songo, kisiwa cha Tanzania chenye gesi asilia, ambayo karibu yote ni methani.

Jedwali linatumia fomula ya Lee, Gonzalez na Eakin ya mwaka 1966. Inataka vitu vitatu: halijoto, uzito wa molekuli na msongamano. Shinikizo halimo moja kwa moja, linaingia kupitia msongamano, na hapo ndipo unapohitaji kigawo cha Z, namba inayoonyesha gesi halisi inavyotofautiana na gesi bora ya vitabuni. Kukipata kigawo hicho, aliyelitengeneza ametumia mlinganyo wa Dranchuk na Abou-Kassem wa 1975, na hapo sina lawama. Nililinganisha na chati ya Standing na Katz, ambayo wahandisi husomea Z, namba zikakubaliana.

Sasa shida. Niliingiza nyuzi 38 za Selsiasi, shinikizo la psi 1,000 (pauni kwa inchi ya mraba) na uzito wa molekuli 16.5. Likanipa mnato wa sentipoizi 0.0087. Haiwezekani! Methani iliyo kwenye shinikizo la kawaida la hewa tu, kwa joto la chumbani, ina takriban 0.011, na gesi iliyobanwa hivyo haiwezi kuwa na mnato mdogo kuliko huo. Nilipofungua seli nikaona halijoto imegeuzwa kuwa Kelvin, wakati fomula hii imejengwa kwa nyuzi za Rankine, ambazo kama Kelvin huanzia sifuri halisi ila hatua zake ni za Fahrenheit. Ukizidisha Kelvin kwa 1.8, jibu linakuwa 0.0132, ambalo ndilo nililotarajia. Jedwali lilikuwa linapunguza theluthi nzima, bila onyo lolote, tena kwa desimali sita za kujiamini.

Je, theluthi hiyo ina madhara? Inategemea. Kwenye bomba kubwa lenye mtiririko wa msukosuko, mnato unaingia kupitia namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko) na huathiri msuguano kidogo sana. Unaweza hata usigundue. Ila anayekadiria mtiririko wa gesi ndani ya mwamba anatumia sheria ya Darcy, ya mtiririko kupitia vitundu vya mwamba, na pale mnato uko chini ya mstari wa kugawanya: kosa lote linahamia kwenye kiasi cha gesi anachomwahidi mteja.

Baada ya kurekebisha seli hiyo, nalitumia bila wasiwasi ndani ya mipaka ya fomula yenyewe: psi 100 hadi 8,000, Fahrenheit 100 hadi 340, na kabonidioksidi isiyozidi kama asilimia 3. Waliounda fomula walitaja mkengeuko sanifu wa asilimia 2.7 na kosa kubwa zaidi la karibu asilimia 9. Kwa makadirio ya awali hiyo inatosha kabisa.

Tangazo linadai pia kwamba linafaa biogesi. Hapana. Biogesi ya samadi ina kabonidioksidi ya asilimia 30 hadi 40 na kitu, na shinikizo lake halikaribii hata psi 100. Jedwali litakupa namba, maana Excel haikatai kazi, lakini hakuna kipimo chochote cha mwaka 1966 kinachoisimamia.

Nilimwandikia muuzaji. Alishukuru vizuri tu na kunitumia toleo lenye Rankine, bila malipo ya ziada. Tangazo la biogesi bado hajaliondoa, ndiyo maana nyota hazijafika nne.