Mjusi wa Tendaguru kwenye kichupa: uzoefu wangu na DaVinci Resolve ya bure

Nimetumia DaVinci Resolve, toleo la bure, kutengeneza kipande cha njozi kwenye kichupa cha kijana mmoja wa bongo fleva hapa Lindi mjini, na nimeridhika nayo kuliko programu yoyote ya kuedit niliyowahi kushika. Naandika hasa kwa vijana wenzangu wa Kusini wanaoamini kazi ya namna hii lazima ipelekwe Dar.

Wimbo unamhusu mtu aliyeondoka na hajarudi. Kwenye ubeti wa pili msanii anapitiwa na usingizi ufukweni, na katika njozi anamwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kilima cha Tendaguru hapa mkoani Lindi, akirudi nyumbani kwa miguu, anapita pwani yetu kuelekea bara. Wazo ni la msanii mwenyewe na nililipenda pale pale. Habari za mjusi huyu tumekua nazo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa Tendaguru, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo lingestahili kufundishwa kwenye kila shule ya mkoa huu. Leo mjusi amesimama Berlin kwenye jumba la makumbusho, kimo chake mita 13.27. Kwenye kichupa angalau tumemrudisha.

Turudi kwenye programu. Resolve inatengenezwa na Blackmagic Design ya Australia. Toleo la bure halina tarehe ya kuisha, na linatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Kwa YouTube hiyo inatosha na kubaki. Nembo haitokei kwenye kazi yako isipokuwa ukigusa efekti za toleo la kulipia, na hapo unaiona mapema kabla hujatoa video. Faili la kusakinisha ni zito, linazidi GB 2, kwa hiyo jipange na bando.

Mjusi mwenyewe sikumtengeneza ndani ya Resolve. Umbo na mwendo nilivifanya kwenye Blender, ambayo nayo ni ya bure, nikatoa picha zake zisizo na mandhari yoyote nyuma, pamoja na kivuli chake peke yake. Hapa nilikuwa mkali. Modeli nyingi za mijusi wenye shingo ndefu zina miguu ya nyuma mirefu. Wa kwetu ni kinyume: miguu ya mbele ndiyo mirefu, mgongo unateremka kuelekea mkiani. Ukikosea hapo, umemleta mjusi wa watu wengine.

Kazi iliyonifanya niipende Resolve ilifanyika kwenye ukurasa wa Fusion, sehemu yake ya kutengenezea efekti, ambako kila kitu kinaunganishwa kwa nodi: picha inaingia huku, inasafishwa, inakutana na nyingine, inatoka kule. Siku za mwanzo inatisha. Ukishaelewa kwamba nodi inayoitwa Merge inaweka kitu cha mbele juu ya kitu cha nyuma, mengine yanafuata.

Tulipiga picha asubuhi, maji yamekupwa, ng'ambo ya Kitunda ikionekana kwa mbali. Mchanga uliotoka majini muda si mrefu unang'aa, unaonyesha sura ya kila kinachosimama juu yake. Mjusi nilipomweka mara ya kwanza alielea, ingawa kivuli kilikuwepo. Kilichokosekana ni taswira yake kwenye mchanga ule. Nikachukua nakala ya picha yake, nikaigeuza kichwa chini kwa nodi ya Transform, nikaitia ukungu kwa Blur, nikaipunguza nguvu mpaka ikawa inaonekana kwa shida, kisha nikaibana ibaki kwenye mchanga mbichi tu. Papo hapo akapata uzito. Nikaongeza chembe za mchanga zinazoruka kila unyayo unapotua, kwa nodi ya pEmitter, na utando wa ukungu wa asubuhi kwa FastNoise, mzito zaidi kwenye kichwa chake kuliko kwenye miguu. Kitu kirefu namna ile, sehemu iliyo mbali na jicho lazima ififie, la sivyo anaonekana mdogo.

Kingine kinachompa ukubwa ni mwendo wa taratibu. Nilimwonyesha kipande hicho babu mmoja jirani yetu, akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona anakwenda kama mtu aliyechoka?" Nikamwambia, "Katoka mbali, babu." Akatikisa kichwa kukubali, akaomba arudishiwe tena. Sikubadilisha mwendo ule.

Kwa msanii tulitumia kitambaa cha kijani kilichonunuliwa mtaa wa pili, kina mikunjo na mwanga haukukaa sawa. Delta Keyer ya Fusion, ikisaidiwa na nodi ya Clean Plate, iliondoa kijani vizuri hata kwenye rasta zake. Nimeshajaribu programu moja ya simu kwa kazi kama hiyo, ikala nusu ya nywele. Hata hivyo kitambaa kipigwe pasi na msanii asimame mbali nacho, maana kijani kinachorudi usoni kinasumbua kukitoa.

Upande wa rangi ndiko Resolve ilikoanzia kujijengea jina, na inaonekana. Nilitaka mikoko iwe ya zambarau na ngozi ya msanii ibaki kama ilivyo. Mchoro wa kubadili rangi moja tu bila kugusa nyingine uliifanya hiyo kazi kwa dakika chache.

Sasa upande mgumu. Fusion inakula kompyuta. Watengenezaji wenyewe wanashauri RAM ya GB 32 ukitumia Fusion, na laptopu yangu ina GB 16. Nilikuwa narenda kipande kimoja kimoja kwa Render in Place ili kisiendelee kukokotolewa upya kila nikicheza taimulaini, na hifadhi ya moja kwa moja niliiwasha tangu siku ya kwanza, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Mbili nyingine: amua idadi ya fremu kwa sekunde kabla ya kuingiza video yoyote, kwani ukishaingiza, mradi haukubali kubadilishwa. Na video za simu zenye kasi ya fremu inayopandashuka zigeuze kwanza ziwe za kasi moja, vinginevyo mdomo wa msanii utaachana na sauti katikati ya kiitikio.

Toleo la bure halina Camera Tracker ya Fusion, inayofuatilia mwendo wa kamera, kwa hiyo picha za mjusi karibu zote nilipiga kamera ikiwa kwenye stendi, na zile chache zenye kutembea nilizifuatilia kwenye Blender. Halina pia Magic Mask, inayomtenga mtu na mandhari bila kitambaa, wala kifaa chake cha kupunguza chenga za picha za usiku. Hivyo viko kwenye Studio, yaani toleo la kulipia, dola 295, unalipa mara moja tu. Bado sijainunua. Fedha ya kichupa hiki naipeleka kwenye RAM kwanza, maana Studio juu ya laptopu ya GB 16 ingenipa vifaa ambavyo nashindwa kuviendesha. Kwa kazi inayofuata, ambayo msanii anataka ipigwe usiku Kilwa Kisiwani, ile ya chenga nitaihitaji kweli, na hapo nitalipa.