Vifaa vya Kuanzia Ushonaji: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Mtu anayetaka kuanza kushona hapa Kisumu huja na swali moja mdomoni: cherehani ya bei nafuu inapatikana wapi? Swali hilo ni la haki, ila limetangulia mengine yanayostahili nafasi hiyo. Katika muda niliofundisha wanagenzi nimeona nguo nyingi zikiharibikia mezani, kabla hazijafika kwenye cherehani, kwa sababu ya mkasi unaotafuna kitambaa, futi (utepe wa kupimia) iliyovutika, au pasi ambayo haikuwapo kabisa. Kwa hiyo nimepanga vifaa hapa kwa kuangalia kila kimoja kinavyoamua sura ya nguo, na cherehani, ingawa ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya fedha zako, nimeiweka katika nafasi ya tano.

Nafasi ya kwanza: mkasi wa kitambaa

Hapa usibane mkono. Chagua mkasi wa chuma wa inchi 8 hadi 10 ambao mpini wake umepinda kuelekea juu, ili ubapa wa chini ulale mezani wakati unakata. Mkasi wenye mpini ulionyooka hukulazimisha kuinua kitambaa, na kitambaa kikiinuliwa, kipande cha juu na cha chini havitoki sawa. Ndiyo maana mkono mmoja wa blauzi hutokea kuwa mrefu kuliko mwingine ilhali fundi anaapa kwamba alivikata pamoja.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kuujaribu. Nenda na kipande cha kitenge, ukikunje kiwe tabaka nne, kisha ukate kwa urefu wote wa makali mpaka nchani. Mkasi mzuri hukata hadi mwisho, na mkasi mbaya hukata vizuri katikati kisha hukitafuna kitambaa unapofika nchani, mahali ambapo utahitaji usahihi zaidi unapokata kola na shingo. Tazama pia panapounganishwa makali mawili: ulioshikwa kwa skrubu unaweza kuukaza ukilegea, lakini ulioshikwa kwa ribiti hauna dawa rahisi. Anayetumia mkono wa kushoto atafute mkasi uliotengenezwa kwa mkono huo, kwani huu wa kawaida, ukishikwa kwa kushoto, hufungua nafasi kati ya makali yake na kukunja kitambaa badala ya kukikata.

Ukishafika nao nyumbani, funga utepe mwekundu kwenye mpini ili kila mtu ajue kwamba mkasi huo haukati karatasi, plastiki wala nywele. Karatasi huua makali upesi. Nunua mkasi mwingine mdogo, wa bei ya chini, kwa ajili ya patani (vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo) na nyuzi. Na siku ya kuunoa itakapofika, kuwa mwangalifu na wanoaji wanaozunguka na baiskeli zao mitaani, kwa sababu baadhi yao hunoa mkasi kama kisu, pande zote mbili. Makali ya mkasi hunolewa upande wa nje peke yake. Upande wa ndani, unaosuguana na mwenzake, huachwa bapa. Mweleze hivyo kwa heshima kabla hajaanza kukanyaga.

Nafasi ya pili: futi na chaki

Futi ya kawaida ina inchi 60 upande mmoja na sentimita upande wa pili. Futi za kitambaa huvutika kwa kutumiwa, na zile za plastiki nyepesi huvutika upesi zaidi zikiachwa juani. Iliyo bora ni ile yenye nyuzinyuzi za kioo ndani yake, ambayo ukiivuta kwa mikono miwili hairefuki. Nenda dukani na rula ya shule ya sentimita 30, uilaze kando ya futi mwanzoni na pia katikati. Alama zikipishana, irudishe. Angalia pia kwamba kibati cha mwisho kimeanzia kwenye sifuri barabara.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilinigharimu. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii, nilipima kiuno cha mtoto kwa futi yangu, kisha nikakata sketi yake ya shule kwa futi niliyoazima, na tofauti ya zote mbili ilikuwa nusu inchi. Zipu haikufunga. Mama wa mtoto hakunigombeza, alinitazama tu, nami nikanunua kitambaa kingine kwa fedha zangu. Tangu siku hiyo, kazi moja hupimwa na kukatwa kwa futi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa chaki, nunua ile bapa ya mafundi na si ya ubaoni, ambayo ni nene na hupukutika. Jaribu kwanza kwenye pembe ya kitambaa kama alama inafutika. Kwenye vitambaa vyeusi, kipande chembamba cha sabuni ya kuogea kilichobaki hufanya kazi hiyo bila malipo na hutoka chote nguo inapofuliwa.

Nafasi ya tatu: pasi

Wengi hudhani pasi ni ya kunyoosha nguo iliyokwisha. Kwa mshonaji, pasi ni kifaa cha kushonea: kila mshono hupigwa pasi kabla haujakatizwa na mshono mwingine, na pindo huvunjwa kwa pasi kabla ya kupitishwa chini ya sindano. Pasi ya umeme yenye kidhibiti cha joto ndiyo bora, kwani poliesta huyeyuka katika joto ambalo pamba huvumilia bila shida. Mahali ambapo umeme haujafika, au hukatika mara kwa mara, pasi ya makaa inatosha kabisa, mradi umwage majivu, uipitishe kwanza juu ya kitambaa kisicho na maana, na uweke kitambaa chenye unyevu kati yake na nguo. Meza yoyote iliyotandikwa blanketi na shuka ya pamba inatosha kwa kupigia.

Nafasi ya nne: sindano, uzi na pini

Sindano ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye cherehani, na ndiyo inayolaumiwa mwisho. Uzi ukikatika, mwanafunzi huchezea kila skrubu anayoiona, kumbe ncha ya sindano imepinda. Pakiti huwa na namba mbili, kwa mfano 90/14. Ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 90 maana yake ni milimita 0.9, ya pili ni hesabu ya zamani inayoeleza unene uleule. Kwa kitenge na vitambaa vya pamba vya shati na gauni, tumia 80/12 au 90/14. Kwa kaki ya sare na jinzi, panda hadi 100/16, na jinzi nzito huhitaji 110/18. Vitambaa vyepesi vinavyoteleza huhitaji 70/10. Kama fedha zinatosha pakiti moja pekee, chukua 90/14. Fulana na vitambaa vingine vinavyonyumbuka vina sindano yao yenye ncha butu kidogo, ambayo husukuma nyuzi kando bila kuzitoboa. Ukitumia ya kawaida, mishono itaruka.

Jambo la kuangalia sana ni shina la sindano. Cherehani za nyumbani hutumia sindano ambayo shina lake lina upande mmoja bapa, ilhali nyingi za viwandani hutumia yenye shina la mviringo, na dukani hukaa kwenye sanduku moja. Nenda na sindano yako ya zamani, hata kama imevunjika, uilinganishe. Ukiwa unashona kila siku, badilisha sindano baada ya kazi ya saa 8 hivi, au mapema zaidi ukisikia inagonga kitambaa kwa kishindo.

Kuhusu uzi, wa poliesta ndio unaofaa zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa una nguvu na haukatiki ovyo. Vuta urefu wa mkono mmoja, uuinue kwenye mwanga: uzi mzuri ni laini na una unene ule ule mwanzo hadi mwisho, na uzi mbaya una manyoya na vifundo ambavyo vitakwama kwenye tundu la sindano. Rangi tatu zinatosha kuanzia, yaani nyeupe, nyeusi na kijivu, na ya mwisho hujificha katika vitambaa vingi vyenye maua. Uzi wa koni hukaa muda mrefu kuliko wa kibiringo kidogo. Kama cherehani yako haina pa kuuweka, usimamishe ndani ya kikombe nyuma ya meza ili uzi upande juu moja kwa moja. Uzi dhaifu wa pamba usiutupe, kwani ni mzuri kwa kupiga bandi, yaani kushikiza vipande kwa muda; ukimaliza, unauvuta na unakatika bila kuumiza kitambaa.

Pini zichague zenye vichwa vya kioo. Vile vya plastiki huyeyuka chini ya pasi na kuacha doa. Kwa unyevu wa huku ziwani, zihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa sababu pini yenye kutu ikilala usiku mmoja kwenye kitambaa cheupe, alama yake haitoki.

Nafasi ya tano: cherehani

Kabla ya kuinunua, ulizia nyumbani. Katika maboma mengi ya Siaya, Vihiga na Kakamega kuna cherehani ya nyanya iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa sebule, na mara nyingi inachohitaji ni mafuta, mkanda mpya na sindano. Singer, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1851, ilijenga kiwanda kikubwa huko Clydebank, Uskoti, ambacho kilifungwa mwaka 1980, na cherehani za chuma zilizotoka humo bado zinashona.

Kama hakuna ya kurithi, chaguo langu la kwanza ni cherehani nyeusi ya chuma ya kukanyaga, iliyotumika, ya aina ya Singer au Butterfly. Haitegemei umeme, mguu wako ndio unaoamua kasi, jambo linalomsaidia sana anayeanza, na vipuri vyake, kuanzia bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) hadi mkanda wa ngozi, mafundi wengi wa cherehani wanavyo. Upungufu wake ni kwamba hushona mshono ulionyooka tu, kwa hiyo kingo za kitambaa utazipeleka kwa mwenye ovaloki (mashine ya kufunga kingo zisichanike nyuzi) au utazifunika ndani ya mshono kwa kushona mara mbili. Chaguo la pili ni ya aina hiyo hiyo ikiwa mpya, ambayo ni ghali zaidi ingawa kazi yake ni ile ile.

La tatu ni cherehani ya umeme ya nyumbani, kama zile za Brother au Janome, yenye zigizaga na uwezo wa kutengeneza vitundu vya vifungo. Inamfaa mwenye umeme wa uhakika na kazi nyepesi. Lakini soma bamba dogo lililoko kwenye mota kabla ya kutoa fedha. Umeme wetu ni wa volti 240, ilhali mashine zilizotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ni za volti 110 hadi 120 na zile za Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, mota itaungua. Cherehani ya kiwandani, pamoja na nguvu zake zote, iache kwa sasa, kwani kasi yake humtia hofu mwanafunzi na hofu hiyo hukaa mikononi.

Unapokagua iliyotumika, iwe soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili au katika kibanda cha fundi Nakuru, nenda na nyuzi za rangi mbili, kitenge, na kaki ya tabaka nne. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako. Liende kwa wepesi bila kukwaruza. Shika fimbo inayobeba sindano na uitikise: ikicheza sana, imelika. Kagua tundu la bati ambamo sindano hupita, kwani likiwa na mikwaruzo litakata uzi. Kisha weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone. Nukta nyekundu zikionekana chini ya kitambaa, uzi wa juu umelegea, na hilo hurekebishwa kwa skrubu. Mishono ikiruka hata baada ya kuweka sindano mpya, tatizo liko ndani zaidi, nawe uende kwenye cherehani nyingine. Mwishoni omba bobini na kesi yake vitolewe uvione, kwa sababu bobini ya aina nyingine haitakaa.

Vidogo vidogo, na vya kuacha

Nunua kifumulio cha kufumulia mishono, maana wembe hukata kitambaa pamoja na uzi. Nunua subana, kikofia cha kukinga kidole, ukishona kwa mkono. Bobini za ziada zisipungue nne. Na kichupa cha mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasiguse mashine kamwe, kwani huganda kama gundi. Kwa mazoezi usikate kitenge kipya: shuka za pamba za mitumba, zikifuliwa na kupigwa pasi, hukupa mita kadhaa za kukosea.

Viache dukani vile visanduku vyenye nyuzi ishirini za rangi na mkasi wa kidole, kwa sababu uzi wake hukatika kwa pumzi na mkasi wake haukati kitambaa. Viache pia vicherehani vya plastiki vya betri vinavyoshikwa mkononi: vinashona kwa uzi mmoja tu, na uzi huo ukivutwa upande mmoja, mshono wote hufumuka.